Miaka Thelathini na Moja, Kilo Moja Mapajani

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mtunza Vigezo Mkuu wa Idara yetu ya Mizani na Vipimo atarudisha funguo za chumba namba nne na kustaafu rasmi, baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja na miezi minne. Jina lake kamili limo kwenye ukurasa wa mbele wa ratiba hii ya hafla ya kumuaga, Ijumaa. Mimi nitamwita kama anavyoitwa na kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi: Bwana Kilo.

Afisa Utumishi ameniomba niandike ukurasa mmoja, wenye uchangamfu na usio na malalamiko. Uchangamfu nitajitahidi. Lakini mtu aliyeketi na Bwana Kilo kwenye daraja la kawaida la ndege kwa saa kumi na sita mfululizo, bila kutua popote, mara kumi na moja kwenda na mara kumi na moja kurudi, kumwambia aandike bila kulalamika ni kumwonea.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: ndani ya chumba namba nne kuna jiwe la mizani la kilo moja, la chuma cheupe, lisilozidi kimo cha glasi ya chai. Mizani ya duka la dawa, mizani ya mnunuzi wa mazao, mizani ya kliniki wanakopimwa watoto, zote zilipimwa kwa mawe yaliyopimwa kwa jiwe hilo. Likikosea lenyewe, tumekosea sote. Kwa hiyo kila mwaka hupelekwa kupimwa upya katika maabara kubwa iliyo upande wa pili wa dunia. Halitumwi kama mzigo. Hubebwa ndani ya kisanduku chenye lakiri, mikononi mwa mtumishi aliyeapishwa, na haliruhusiwi kuwekwa chini, kutiwa kabatini juu ya kichwa, wala kukabidhiwa mtu mwingine yeyote. Ndiyo maana huenda wawili, ili mmoja akienda msalani mwingine alishike.

Bwana Kilo aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minane, karani wa stoo, kazi yake kuandika mizani mbovu zilizoletwa kutengenezwa. Inasemekana wiki ya kwanza tu alimrudishia mkuu wake barua tatu kwa sababu tarehe zilikosewa. Mkuu akataka kumfukuza, halafu akafikiri vizuri, akamhamishia chumba namba nne, ambako mtu wa aina hiyo angeyasumbua mawe badala ya watu. Huko ndiko alikoota mizizi.

Ukaguzi nao aliufanya, na hakuwa na ndugu wala rafiki. Mwaka wake wa tisa kazini aliingia bucha moja, akaipima mizani, akakuta inamla mteja gramu tano kila kilo. Akaifunga papo hapo. Bucha ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mke wake, na ilikuwa siku moja kabla ya harusi ya ukoo. Mkewe, fundi cherehani ambaye Idara nzima tunamwita Shemeji, anasema familia ilikula mboga za majani kwa wiki sita, maana hakuna aliyethubutu kukanyaga buchani.

Mwanzoni, kabla yangu, yeye na mwenzake walisafiri kwa ndege za kuunganisha. Ikatokea siku moja, kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, askari wa ukaguzi aliyekuwa akitafuna karanga akafungua kisanduku wakati Bwana Kilo bado anatafuta mfukoni barua inayokataza kisifunguliwe. Akaligusa jiwe kwa kidole. Kimoja. Sasa kidole kina mafuta, na mafuta yana uzito, na kazi ya mwaka mzima ikaenda na maji. Tangu siku hiyo Bwana Kilo akakataa katakata ndege yoyote inayotua njiani. Ni moja tu, inapaa hapa na kushuka kule.

Kuhusu daraja, waraka unasema viti vya mbele ni vya Mkurugenzi na wanaolingana naye kwa cheo. Bwana Kilo aliandika barua kuuliza kama jiwe ambalo nchi nzima inalitegemea halilingani na Mkurugenzi. Akajibiwa kwamba swali lake limepokelewa na linafanyiwa kazi. Hiyo ni miaka kumi na miwili iliyopita. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na anayenyoosha miguu hajui habari za magoti ya wenziwe.

Basi tuje kwenye hivyo viti. Ofisi yetu hukata tiketi wiki moja kabla ya safari, kwa hiyo tunapata kilichobaki, na kilichobaki ni safu ya arobaini na saba. Nyuma yetu kuna choo, kwa hiyo viti vyetu havilali. Mbele yetu kuna abiria ambaye chake kinalala, naye hukilaza mara taa ya mikanda inapozimika na hakiinui tena mpaka aambiwe mara ya pili. Spika ya masikioni inasikika upande mmoja. Blanketi likifunika mabega, miguu inabaki nje. Foleni ya chooni husimama juu ya bega lako, watu wakisubiri huku wakisoma unachokisoma. Na dirishani daima kuna mgeni ambaye hana kosa lolote ila kutupata sisi.

Bwana Kilo alikuwa na kanuni yake mwenyewe, ambayo haimo katika waraka wowote. Mwenye kisanduku akae kiti cha kati, kwa sababu kile cha kando ya njia hugongwa na toroli la chakula. Na asikae na kisanduku zaidi ya saa mbili, kwa sababu mikono ikichoka huteleza. Kwa hiyo kila baada ya saa mbili tulibadilishana kisanduku na viti. Tunasimama, tunajikunja, tunapishana pua na mdomo, mgeni wa dirishani anashusha pumzi, halafu Bwana Kilo anatamka kwa sauti, "Nakabidhi," nami natamka, "Napokea," na tunasaini Fomu ya Makabidhiano: saa, anayekabidhi, anayepokea, sahihi. Mwaka mmoja mama aliyekaa nyuma yetu alidhani tuko katika ibada. Alituomba tumkumbuke na yeye.

Huwezi kufungua meza ya chakula ukiwa na kisanduku mapajani. Unakula sahani ikiwa hewani kama mtu aliyealikwa shughuli akakosa kiti. Si kwamba kuna cha kula. Ndege ile hutoa kuku au tambi, na toroli huanzia mbele. Kila mwaka Bwana Kilo aliuliza kwa adabu, "Kuku yupo?" na kila mwaka mhudumu akajibu, "Samahani mzee, ameisha." Mtu mwingine angenuna. Yeye aliuliza kuku ameishia safu ya ngapi, akaandika. Katika ripoti zake za safari, zilizopigwa mihuri na kuhifadhiwa, kuna jedwali la miaka kumi na moja linaloonyesha kwamba kuku huishia, kwa wastani, safu ya thelathini na tisa.

Alipima pia upana wa kiti, kwa rula ya chuma ya ofisi. Mwaka wangu wa kwanza kilikuwa sentimita arobaini na tano. Mwaka jana kilikuwa arobaini na tatu na nusu. Aliwaandikia wenye ndege, wakamjibu kwa kadi ya heri za mwaka mpya.

Nikisema alikuwa jirani mzuri wa kiti nitakuwa nimedanganya, na yeye atanirudishia ukurasa huu. Hatazami filamu. Hutazama ile ramani yenye kindege kisichosogea, akipiga hesabu ya saa ya kufika na kumsahihisha rubani asiyemsikia. Hukuamsha usaini. Ukimaliza kusaini hukuamsha tena kwa sababu umeandika dakika vibaya. Amenieleza habari za msukumo wa hewa, jinsi hewa inavyolinyanyua jiwe kidogo likiwa kwenye mizani, mara kumi na moja, na mara zote nilikuwa naomba Mungu anipe uziwi wa muda. Mume wangu, ambaye nimeishi naye miaka ishirini na mbili, hajawahi kunichosha kwa miaka yote hiyo kama Bwana Kilo alivyonichosha kati ya kupaa na tambi.

Sasa nifike pale ambapo Afisa Utumishi angependa nisifike.

Safari yetu ya mwisho ilikuwa mwezi wa tatu mwaka huu. Bwana Kilo alikuwa akiumwa mgongo, na siku tatu kabla hakulala sawasawa kwa sababu ya maandalizi. Saa ya sita angani alinikabidhi kisanduku, nikaingia kiti cha kati, yeye akakaa kando ya njia na usingizi ukamchukua hapo hapo, mdomo wazi, mikono bado imekaa mkao wa kushika. Saa ya nane ikafika, zamu yake. Nikamtazama. Nimelea watoto watatu, najua usingizi ambao ni dhambi kuukatiza. Nikamwacha. Ikapita ya tisa, ikapita ya kumi. Kutoka sikuweza bila kumwamsha, maana alikuwa amenizibia njia. Shavu la mguu wa kushoto likaanza kuvuta. Nikasema ni ganzi, nani hana ganzi huku nyuma?

Saa ya kumi na moja pumzi ikawa fupi, nikaogopa, nikamgusa bega. Akashtuka, akatazama saa yake, halafu akanitazama mimi. Sijawahi kumwona ametahayari vile. Alisimama kunipisha, nami nikasimama, nikanyoosha kisanduku mbele, nikasema, "Nakabidhi." Neno la pili sikulisikia.

Yaliyofuata nimesimuliwa na mkunga mstaafu aliyekuwa safu mbili mbele yetu, ambaye bado ananipigia simu kuuliza hali. Damu ilikuwa imeganda mguuni, na bonge likapanda hadi kwenye pafu. Anasema Bwana Kilo alikuwa na mikono miwili na vitu viwili vinaanguka mbele yake, na hakuchukua hata muda wa kupepesa macho. Alinidaka mimi. Kisanduku kikaangukia mto wa kiti cha kati, ambao kwa mara ya kwanza ulimfaa mtu. Yule mgeni wa dirishani, akiwa nusu usingizini, alikisukuma chini na kukiwekea miguu.

Kwa dakika arobaini Bwana Kilo alipiga magoti kwenye ile njia ambayo hata toroli hupita kwa taabu, kichwa changu mikononi mwake, akishika barakoa ya hewa kama mkunga alivyomwelekeza. Mgongo wake ule ule. Abiria mmoja aliyekuwa na haraka ya choo alitaka kuniruka. Bwana Kilo, mtu ambaye katika miaka yote sijamsikia akipandisha sauti, akamwambia, "Ruka uone." Yule bwana akazungukia upande wa pili. Kutua hakukuwezekana, chini ni maji matupu, kwa hiyo tuliendelea saa tano nyingine, mimi nimelazwa sakafuni karibu na jiko la wahudumu. Nilipopata fahamu kitu cha kwanza nilichokiona ni soksi zake, na sijawahi kufurahi kuona soksi kiasi kile.

Siku ya tatu alikuja kunitazama hospitalini, kwapani ana fomu. Alikuwa tayari ameshafika maabara. Jiwe lilipimwa, lakiri iko salama, halikupungua wala kuongezeka kitu cha kutajwa. Lakini kwenye fomu, kati ya mstari wangu na mstari wake, kulikuwa na dakika arobaini ambazo jiwe halikuwa mikononi mwa mtu.

"Lete kalamu," nikamwambia. "Nisaini kwamba nilikuwa nalo mimi."

"Ulikuwa umezimia, dada. Ungelishikaje?"

"Basi saini wewe."

"Mimi nilikuwa nimekushika wewe."

"Mzee, nani atajua?"

"Niliifunga mizani ya shemeji yangu kwa gramu tano," akasema. "Leo nije nifiche dakika arobaini?"

Nilitamani kumtupia lile bakuli la uji. Nilikuwa sina nguvu.

Fomu ikarudi nyumbani na pengo lake. Ofisi ikamtaka maelezo, naye akaandika maneno manne: "Niliacha kisanduku. Nakubali kosa." Sababu hakuiandika, na fomu haina nafasi ya sababu. Mimi nilikuwa mapumzikoni wiki tisa kwa amri ya daktari, na asiyekuwepo na lake halipo. Niliporudi nikakuta barua ya onyo imeshatoka na faili limefungwa. Nimepanda ngazi za Utumishi mara sita. Mara sita nimeambiwa kwamba faili limefungwa, kana kwamba faili ni kaburi.

Kwa hiyo Ijumaa, Bwana Kilo hatapewa Cheti cha Utumishi Usio na Dosari. Wasioelewa watasema ni karatasi tu. Huyu ni mtu aliyeingoja karatasi hiyo miaka thelathini na moja, ambaye kila mwaka alikwenda kusikiliza majina ya waliopewa na kurudi nyumbani kumsimulia mkewe. Shemeji alikuwa ameshanunua fremu. Amepigilia na msumari sebuleni, juu ya cherehani, na nilipomtembelea wiki iliyopita msumari bado upo, hana moyo wa kuung'oa. Bwana Kilo mwenyewe alikuwa uani akinyoosha mgongo. Nikamwuliza uso kwa uso kwa nini hakuandika kilichotokea, hata mstari mmoja.

"Kosa langu si kukiacha kisanduku," akasema. "Kosa langu ni kulala zamu yangu ikapita, wewe ukaumia."

"Lakini mimi ndiye niliyekuacha ulale!"

"Ndiyo maana sikuandika. Wangeuliza nani aliyeniacha."

Nilikaa pale uani nikalia kwa hasira. Shemeji alidhani tumegombana, na kweli tulikuwa tumegombana.

Basi naandika mimi. Saa ya nane angani zamu ilikuwa yake, nikaiacha ipite kwa hiari yangu, kwa sababu nilimhurumia. Hakuna aliyenituma. Yeye alipoamka alikuta kosa limeshatendeka, na katika dakika arobaini zilizofuata aliacha kitu kimoja ili ashike kingine, na hicho kingine leo kinaandika ukurasa huu na kinakwenda kliniki kila mwezi kupimwa damu. Kama ofisi inatafuta dosari, meza yangu iko mkono wa kulia ukiingia.

Na haya yote hayakuniuma kama orodha iliyobandikwa Jumatatu kwenye ubao wa matangazo. Cheti hicho hupewa pia waliotimiza miaka kumi na tano, na jina langu limo. Fomu inaonyesha kwamba mimi nilikabidhi vizuri. Nilisema "Nakabidhi" kabla ya kuanguka, kwa hiyo niko safi. Nimesoma orodha hiyo mara tatu nikitafuta mahali walipotania.

Kwa niaba ya wote wa chumba namba nne, ya stoo, ya karakana na ya mapokezi, tunakushukuru Bwana Kilo kwa kutufundisha kazi na kwa kutuchosha. Tunamshukuru Shemeji kwa kutuazima mume kila mwaka na kumpokea amevimba miguu bila kutununia. Mungu awape siku nyingi, afya ya mgongo, usingizi ambao hakuna wa kuukatiza kwa ajili ya sahihi, na viti vipana popote mtakapoketi.

Kuhusu Ijumaa, jina langu likiitwa sitapanda jukwaani. Nitakuja safu ya tatu, nisimame kando ya kiti chako kwa miguu yangu miwili, na sitaketi mpaka walisome na lako.